Mashine Zimefika, Nani Atakesha Nazo?

UVIKO-19 ilipobisha hodi mwaka 2020, watafiti nchini Kenya walipiga hesabu ya vyumba vya wagonjwa mahututi (ICU) nchi nzima. Walipata vitanda 537 na mashine za kupumulia 256, na kati ya kaunti 47 ni 22 tu zilizokuwa na angalau ICU moja. Kwa Uganda, hesabu iliyofanywa karibu na wakati huo ilionyesha ICU 12 zenye jumla ya vitanda 55, sawa na kitanda 1.3 kwa kila watu milioni moja. Namba hizo zilitisha, zikasomwa redioni na bungeni, na kila aliyezisikia alitoka na jawabu lilelile: tununue vitanda, tununue mashine. Idadi ya watu waliosomea kumhudumia mgonjwa wa kwenye kitanda hicho haikuulizwa kwa sauti hiyo.

Fedha zilikuja. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25, ule ambao wananchi waliujua kama fedha za UVIKO, shilingi trilioni 1.3. Pamoja na madarasa na miradi ya maji, sehemu yake ilijenga vyumba vya wagonjwa mahututi, majengo ya dharura na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Kenya ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodi vifaa tiba kwa ajili ya hospitali 98, vikiwamo vya ICU. Kamati ya Seneti ilipofuatilia mpango huo mwaka 2020, ilikuta baadhi ya vifaa vimekaa bila kazi. Mahali pengine hapakuwa na umeme wa kutosha wala maji, na pengine hapakuwa na mtu wa kuviendesha.

Hapo ndipo mafunzo ya uzamili katika tiba ya wagonjwa mahututi yanapoacha kuwa habari ya vyuo peke yake. Swali lenyewe lina matawi matatu: tumfundishe nani, tumfundishie wapi, na tumfundishe nini. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue anabishana na nani. Afrika Mashariki inahitaji madaktari bobezi wa ICU, lakini wachache, waliopangwa kama walimu. Muuguzi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kwenye bajeti ya masomo. Na mtaala wao uandikwe kwa kutazama mgonjwa wa Muheza na wa Kilifi, kwa sababu mtaala wa kuazima umekwisha kutugharimu, na ushahidi wa jambo hilo upo.

Fani yenyewe ilianza kwa mikono ya watu. Mwaka 1952 mlipuko wa polio ulijaza hospitali ya Blegdam mjini Copenhagen wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia, na wengi mno walikuwa wakifa. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, alishauri watobolewe koo, wawekewe mpira, na wasukumiwe hewa kwa mfuko wa mkononi. Mashine za kufanya hivyo hazikuwapo za kutosha. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, takriban 1,500 kwa jumla, wakabana mifuko kwa zamu usiku na mchana kwa miezi. Vifo vilishuka kutoka karibu 9 katika kila wagonjwa 10 hadi chini ya nusu. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya jiji hilo chumba ambacho wengi hukihesabu kuwa ICU ya kwanza duniani.

Tangu hapo nchi tajiri zimechukua muda mrefu kukubaliana kwamba huu ni ubingwa unaojitegemea. Kwa miaka mingi ulikuwa mtoto wa kambo wa idara ya usingizi, au ya magonjwa ya ndani, au ya mapafu kama ilivyo Marekani hadi leo kwa wengi. Uingereza ilianzisha kitivo chake mahususi cha tiba hii mwaka 2010, na chuo cha Australia na New Zealand kikaanza kazi mwaka huohuo. Ulaya ina stashahada ya pamoja yenye mtihani wa kuandika na wa ana kwa ana. Aidha, mwaka 2006 wataalamu wake walikubaliana juu ya orodha ya stadi 102 ambazo bingwa wa ICU lazima aonyeshe kwamba anazimudu, awe amesomea Lisbon au Warsaw. Orodha hiyo ilibadilisha jambo la msingi, maana badala ya kuuliza mwanafunzi amekaa miaka mingapi, inauliza anaweza kufanya nini akiwa hasimamiwi. Afrika Kusini hutoa ubobezi huu kwa daktari ambaye tayari ni bingwa wa fani nyingine, akisoma miaka miwili zaidi.

Kwetu njia ni za kuunganisha unganisha. Daktari anayeongoza ICU mara nyingi ni bingwa wa usingizi na ganzi ambaye asubuhi ana orodha ya upasuaji, na mchana ndipo anapopita kwa mahututi. Mabingwa wa tiba ya dharura wamekuja kusaidia. Muhimbili ilianza kuwafundisha mwaka 2010, wa kwanza Tanzania, na Chuo Kikuu cha Addis Ababa kilianza mwaka huohuo kwa busara ya kuunganisha dharura na tiba ya mahututi katika ubingwa mmoja. Chuo cha mabingwa wa usingizi cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, CANECSA, kinamwacha mwanafunzi afanye kazi na kusomea katika hospitali iliyoidhinishwa badala ya kumhamishia chuo kikuu cha mbali. Kwa wauguzi, KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, kina stashahada ya juu ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, na MUHAS, chuo kikuu cha Muhimbili, kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa mahututi na majeruhi. Tanzania pia imekuwa ikisomesha wataalamu kwa seti, yaani daktari, muuguzi na fundi wa kifaa wanakwenda pamoja na kurudi pamoja. Naona wazo la seti ni zuri kuliko mengi yaliyotangazwa kwa mbwembwe zaidi.

Lakini mtu anasomea nini hasa? Chukua jambo moja dogo: kiasi cha hewa ambacho mashine inamsukumia mgonjwa kwa pumzi moja. Zamani madaktari walisukuma nyingi, wakiamini hewa zaidi ni uhai zaidi. Mwaka 2000 utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoumia vibaya ulilinganisha mililita 12 kwa kila kilo na mililita 6. Waliopewa 12 walikufa asilimia 39.8, waliopewa 6 asilimia 31. Pafu lililojaa maji na uchafu likipulizwa kupita kiasi linachanika taratibu, bila kelele.

Sasa, kilo zipi? Hapo ndipo aliyesoma anapojitenga na aliyeonyeshwa vitufe. Mapafu hayakui kwa unene, yanafuata urefu wa mtu. Mwanamume wa sentimita 170 anahesabiwa kuwa na kilo 66 hata kama mizani inasoma 100, na pumzi yake ni mililita 396. Anayekokotoa kwa mizani atampa 600, yaani mara moja na nusu ya anachostahili, na atalifanya kosa hilo karibu mara ishirini kwa dakika, siku nzima. Kifaa kinachozuia madhara hayo ni futi kamba ya fundi cherehani, ipimwe kuanzia utosini hadi kisiginoni mgonjwa akiwa amelala. Nimeingia katika vyumba vyenye mashine za mamilioni ambamo futi kamba haikuwapo, na nadhani swali la kwanza la mkaguzi wa mafunzo lingekuwa hilo: futi iko wapi?

Jambo la pili ni la saa tisa usiku. Kengele ya mashine inalia, oksijeni kwenye kioo inashuka kutoka 94 hadi 80, daktari wa zamu yuko jengo jingine. Asiyefunzwa huitazama mashine, akabonyeza kitufe cha kunyamazisha, akabonyeza tena. Aliyefunzwa humtazama mgonjwa. Anamtoa kwenye mashine, anamsukumia hewa kwa mfuko wa mkono, na kwa kufanya hivyo tu amepata nusu ya jibu. Mfuko ukiingia kwa ulaini na hali ikarudi, tatizo lilikuwa la mashine au la mipira yake. Ukigoma, anajiuliza kwa mpangilio: mpira umechomoka mahali pake, au umesukumwa ndani mno ukaingia pafu moja? Umezibwa na makohozi mazito? Hewa imevujia nje ya pafu ikalibana? Anapitisha mrija wa kunyonya uchafu. Ukikwama, ameshika jawabu. Yote hayo ni dakika mbili au tatu. Ubongo haungoji zaidi ya hapo sana, na daktari akipigiwa simu atakuwa bado anashuka ngazi.

Ndiyo maana nasema muuguzi kwanza. Daktari bobezi hupita, huamua, huandika. Muuguzi yupo. Katika ICU za Ulaya muuguzi mmoja huwa na mgonjwa mmoja au wawili. Kwetu mara nyingi ana zaidi, na kati yao kuna aliyehamishiwa hapo wiki iliyopita kutoka wodi ya wazazi kwa sababu orodha ya zamu ilikuwa na pengo. Kumsomesha daktari mmoja nje ya nchi hugharimu fedha ambazo zingeweza kuwasomesha wauguzi kadhaa hapahapa. Sisemi asisomeshwe. Nasema tukimsomesha yeye peke yake tumenunua nahodha wa jahazi lisilo na mabaharia.

Tuje kwenye mtaala, ambako nataka kukaa kidogo. Mwaka 2001 utafiti wa hospitali moja mjini Detroit ulidai kwamba mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu akijazwa maji ya mishipani mapema na kufuatiliwa kwa vipimo maalum, vifo hushuka kutoka asilimia 46.5 hadi 30.5. Dunia nzima ilipokea. Ikafundishwa kwenye kozi, ikabandikwa ukutani, ikavuka bahari ikiwa imetafsiriwa kuwa kanuni rahisi: presha ikishuka, fungulia dripu.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika kwetu, chini ya mtafiti Kathryn Maitland wa Kilifi, Kenya, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wa Tanzania ilikuwa Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, wengi wao wakiwa na malaria, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji mengi ya haraka mishipani, wengine wakapewa taratibu tu ya kuwatosha. Wote walipata dawa, oksijeni, na damu kwa waliohitaji. Ndani ya saa 48 waliojazwa maji haraka walikuwa wamekufa zaidi ya asilimia 10, wasiojazwa asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Wengi walikataa kuamini, wakidhani watoto walizama kwa maji mapafuni na kwamba mashine za kupumulia zingewaokoa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kilichoongezeka zaidi ni kuporomoka kwa moyo na mzunguko wa damu wenyewe.

Wapo waliosema hao ni watoto, watu wazima ni habari nyingine. Mwaka 2017 jibu likatoka Lusaka. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Zambia, wagonjwa wazima zaidi ya 200 wenye maambukizi makali ya damu na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU, waligawanywa vivyo hivyo. Waliofuata mwongozo wa kujazwa maji mapema walikufa asilimia 48.1, waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, asilimia 33. Detroit na Lusaka zilipima karibu kanuni ileile, zikapata majibu yanayopingana. Na huko kwenye nchi tajiri zenyewe, tafiti tatu kubwa zilizofuata 2014 na 2015 hazikuona faida ya ule mwongozo wa Detroit kuliko matibabu ya kawaida.

Kwa mwalimu wa uzamili somo lililomo humo ni zito. Mwili wa mgonjwa anayefika Mbale, Uganda, akiwa na upungufu mkubwa wa damu, malaria na utapiamlo haufanani na ule ulioandikiwa kitabu. Hospitali nayo haifanani, kwa kuwa hakuna mashine ya kumwokoa ukimzidishia. Daktari aliyesomea ng'ambo akarudi na cheti bila kusomea tofauti hii anaweza kuua kwa bidii na nia njema. Kwa hiyo naona ajabu programu zinazomtaka mwanafunzi ajue kwa moyo tafiti za Ulaya lakini hazimtaki hata asome ile ya Kilifi na Muheza, wala hazimpi miezi ya kufanya utafiti wake katika wodi anayoitumikia.

Kuna hoja nyingine inayoutikisa mjadala mzima, na imetoka kwenye takwimu mpya. Mwaka 2025 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, uliowapima karibu wagonjwa 20,000 waliokuwa wamelazwa. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi kwa vipimo vya kawaida kabisa: presha, mapigo ya moyo, kupumua, oksijeni, fahamu. Katika hao mahututi, asilimia 69 walikuwa wodi za kawaida. Ndani ya siku saba alikufa mmoja katika kila watano wao. Na zaidi ya nusu ya waliopungukiwa oksijeni hawakuwa wamewekewa oksijeni.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, maana haizungumzii mashine wala mitambo ya kusafisha damu. Inazungumzia mpira wa puani. Kwa sababu hiyo kundi la wataalamu, wakiwamo Watanzania, limekuwa likipigia debe huduma za msingi kwa wagonjwa mahututi popote walipo. Makubaliano yao ya mwaka 2021 yalitaja hatua 40 za kitabibu, nyingi za bei nafuu: mlaze ubavu asiyejitambua, mpe oksijeni aliyepungukiwa, mpime tena baada ya muda. Muhimbili ilikuwa imeshaonyesha dalili ya njia hiyo ndani ya ICU yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa 2015, wauguzi walifundishwa viwango vya hatari vya vipimo hivyo na hatua ya kuchukua papo hapo. Vifo kwa jumla havikubadilika. Ila kwa waliofika presha ikiwa imeshuka, vifo vilipungua kutoka zaidi ya 9 katika 10 hadi takriban 7 katika 10. Ni ushindi mdogo, na nauamini zaidi kwa sababu waliouandika hawakuupamba.

Wapinzani husema kuhubiri huduma za msingi ni kumwambia maskini aridhike na kidogo wakati kiongozi wake anapaa kutibiwa ng'ambo. Nawaelewa. Wakati wa UVIKO-19, uchunguzi wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika ulikuta asilimia 48.2 ya waliolazwa ICU au vitengo vinavyofanana nayo wakifa ndani ya siku 30, ilhali wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5, na mpira wa puani usingetosha kuwaokoa wengi wa hao. Hata hivyo sioni sababu ya kuchagua. Bobezi anayejifungia na vitanda vyake sita ni anasa. Bobezi huyohuyo akipewa jukumu la kuzunguka wodi za magonjwa ya ndani na za wazazi, akiwafundisha wauguzi wa huko kumtambua anayezidiwa kabla hajakata kauli, anafika kwa ile asilimia 69. Jukumu hilo lingeandikwa kwenye mtaala na kupimwa kwenye mtihani, si kuachiwa moyo wa mtu.

Jambo la kuzungumza na ndugu hupitiwa haraka kwenye mitaala, ingawa ndilo linalowachosha wanafunzi kuliko hesabu za dawa. Anayekuja kusikiliza mara nyingi si mke wala mtoto, ni baba mdogo aliyetumwa na ukoo. Daktari mwanafunzi lazima ajue kuanza na shikamoo, avute kiti, kisha aseme ukweli bila kuuvika nguo: "Mzee wangu, mapafu ya kijana wetu yanategemea mashine, na figo nazo zimesimama. Tunaendelea naye leo na kesho. Lakini nisikufiche, hali ni nzito." Kisha anyamaze, amwache mzee aulize gharama, maana atauliza, na ni haki yake. Wapo wanaodhani kipaji hiki ni cha kuzaliwa nacho. Mimi naona kinafundishika kama kuweka mpira wa hewa, kwa kumtazama anayejua, kujaribu ukisimamiwa, na kuambiwa ulipokosea.

Inabaki habari ya wanaosoma na kuondoka. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya wa Kenya huko Uingereza, na mawakala wa nchi za Ghuba huwatafuta wauguzi wenye uzoefu wa ICU kuliko wengine. Siwezi kumlaumu anayekwenda. Ila kabla hatujazungumzia ndege, wapo wanaopotea bila kuvuka hata barabara. Muuguzi anarudi na shahada ya uzamili ya tiba ya mahututi, anakuta cheo na mshahara palepale, na baada ya miezi michache kiongozi wa zamu anamhamishia kliniki ya wagonjwa wa nje kwa sababu huko nako kuna upungufu. Mikataba ya masomo niliyowahi kuisoma humfunga aliyesomeshwa arudi kazini kwa miaka kadhaa. Sijaona hata mmoja unaomfunga mwajiri ampangie kazi aliyoisomea, wala unaosema nani atamshika mkono muuguzi mpya atakayeingia ICU siku yeye akihamishwa.